Ngozi ya Kabaidi Iko Wapi?

Benchi hili la mtaa wa Kabiria liko nje ya kibanda cha Mutiso, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyelitengeneza kwa mabomba yaliyobaki kazini. Alidhani ni la wateja. Wateja husimama, wanaokaa ni watatu wale wale. Wa kwanza ni Thuo, mwenye ploti mbili za kupangisha, aliyegombea udiwani akaambulia kura arobaini na moja, na tangu siku hiyo haitwi ila Mheshimiwa. Wa pili ni Mwaura, mpimaji wa nyama kwenye machinjio ya Dagoretti, anayeitwa Mizani. Wa tatu ni Namalwa wa saluni ya jirani, ambaye huja kunywa kahawa wateja wake wakikauka nywele. Alhamisi moja ya mwaka 2004, Ndunge, muuza kahawa, alipopita na birika lake saa nane mchana, alikuta benchi limeipa barabara mgongo. Wote walikuwa wanatazama geti ambalo halijapakwa rangi. Juu ya bati lake Mutiso alikuwa ameandika kwa chaki:

CaC₂ + H₂O → C₂H₂

Ndunge akamimina vikombe vinne, akaenda zake. Hakutaka kushirikishwa.

Kesho yake saa tatu asubuhi Mutiso alikuwa na mtihani wa serikali wa mafundi, Gredi ya Kwanza. Alikuwa ameshaanguka mara mbili. Sehemu ya kazi za mikono aliipita mara zote mbili. Kilichomwangusha ni karatasi ya maandishi. Chuo kimoja cha ufundi kule Riruta kilikuwa kimemwekea nafasi ya ualimu hadi mwisho wa mwezi: aje na cheti, la sivyo wamchukue mwingine. Na ajabu ni kwamba swali lililomwangusha lilihusu gesi aliyoitengeneza kwa miaka kumi na sita, kwa mawe ya kabaidi na maji, ndani ya tanki lililokuwa hatua tano kutoka pale benchi.

— Hebu soma swali tena, Mheshimiwa akaagiza, kama mwenyekiti wa kamati.

Mutiso akasoma karatasi ya mwaka uliopita. Kabaidi, CaC₂, ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, C₂H₂. Andika mlinganyo kamili na uusawazishe.

— Si umeshaandika? akasema Namalwa. Mawe, maji, gesi. Weka jina uende home.

— Kusawazisha ndiyo inaniua, Mutiso akajibu.

— Kusawazisha ni siasa tupu, akasema Mheshimiwa. Huo mshale ni uchaguzi. Huku ni kabla, kule ni baada. Kila chama lazima kipate kiti.

— Kama wewe ulivyopata, akasema Mizani.

— Wewe nyamaza, naelimisha. Umeona hizo herufi zinatembea mbili mbili? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mutiso hakuwasikiliza. Alikuwa anahesabu kwa ncha ya chaki.

— Kaboni mbili huku, mbili kule. Haidrojeni mbili, mbili. Kalsiamu iko moja huku. Kule hakuna. Oksijeni moja huku. Kule hakuna.

— Zimehama chama, akasema Mheshimiwa.

— Zimechomeka, akasema Namalwa. Ule moto wako, fundi, si mchezo.

— Moto sijawasha bado. Hii ni ndani ya tanki.

— Basi zimemwagika. Na maji yakimwagika hayazoleki. Andika hivyo hivyo, buda: "zimemwagika, hazizoleki." Hakuna mwalimu Kenya hii atakata methali maksi.

Mizani akaweka kikombe chini.

— Ngojeni. Mimi ng'ombe akiingia pale Dagoretti akiwa kilo mia nne, akitoka lazima nihesabu. Nyama, mifupa, matumbo, kichwa, kwato, mpaka damu. Ikikosekana kilo tano, bosi haniambii imehama chama. Ananiuliza, Mwaura, iko wapi? Sasa wewe fundi umetuonyesha steki peke yake. Ngozi iko wapi?

Mutiso aligeuka akalitazama tanki lake. Kila asubuhi hulifungua, hulisugua, hulisuuza. Miaka kumi na sita.

— Kuna ule uji mweupe, akasema polepole. Unabaki chini. Mimi huumwaga huko nyuma.

— Uji gani? akauliza Mheshimiwa.

— Ule ulibeba na debe mwezi jana, ukapaka fensi ya ploti yako.

— Si uliniambia ni chokaa?

— Ni chokaa!

Wote wakasimama kwa pamoja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la hadwea linalouza chokaa kwa mifuko, na kila mfuko huandikwa kilichomo. Namalwa alivuka mbio na slipasi zake, akarudi ameandika kiganjani kwa kalamu ya nyusi: Ca(OH)₂.

Mutiso akainakili kwenye geti.

CaC₂ + H₂O → C₂H₂ + Ca(OH)₂

— Hayo mabano ni ya nini? akauliza Mizani.

— Ni mfuko. Mbili ya nje inasema mifuko ni miwili. Kwa hivyo oksijeni ni mbili na haidrojeni ni mbili. Ongeza zile mbili za gesi, haidrojeni ni nne.

— Na huku kushoto?

— Haidrojeni mbili. Oksijeni moja.

— Eh! Sasa ng'ombe ametoka mnono kuliko alivyoingia! Huyo lazima amenyweshwa maji nyuma ya mizani. Hiyo ujanja naijua.

— Nipe chaki, akasema Mheshimiwa. Hii ni kitu ndogo. Oksijeni imepungua moja, unaongeza moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Akainama, akaweka mbili ndogo chini ya oksijeni ya maji: H₂O₂. Namalwa nusura apaliwe na kahawa.

— Futa hiyo! Aki Mheshimiwa, futa!

— Kwani nimetukana nani?

— Hiyo si maji! Hiyo iko kwa saluni yangu, imeandikwa kwa chupa. Ndiyo mimi hutumia kugeuza nywele nyeusi ikuwe rangi ya chungwa. Hebu oga nayo kesho tuone kura ngapi utapata.

— Lakini nimeongeza kanamba kadogo tu!

— Kanamba kadogo kametoa maji kakaleta dawa.

Benchi likacheka, lakini Mutiso hakucheka. Alikuwa amekodolea macho ile mbili ndogo. Mara ya kwanza kule mtihanini alifanya hivyo hivyo. Mara ya pili pia. Alizichezea namba ndogo mpaka hesabu ikakubali, akatoka akitabasamu, akaanguka. Kumbe alikuwa amejaza karatasi ya serikali vitu ambavyo havijawahi kuingia tanki lolote Kabiria.

— Mimi sibadilishi maji, akasema.

— Unasema?

— Gesi ikikataa kutoka, mimi sibadilishi maji. Maji ni maji. Naongeza mkebe mwingine!

Akamnyang'anya Mheshimiwa chaki, akafuta ile mbili ndogo kwa kidole gumba, akaandika mbili kubwa mbele ya maji.

CaC₂ + 2H₂O → C₂H₂ + Ca(OH)₂

Mizani akashika usukani bila kuulizwa, kwa sauti yake ya kazini.

— Kalsiamu?

— Moja, moja! benchi likajibu.

— Kaboni?

— Mbili, mbili!

— Haidrojeni?

— Nne! Nne!

— Oksijeni?

— Mbili! Mbili!

— Ng'ombe ametosha! Mizani akapiga kelele, akainua mikono.

Mheshimiwa alicheza hatua tatu za ngoma ya mugithi akizunguka tanki, akadai wazo lilikuwa lake. Namalwa akapiga vigelegele hadi mteja akachungulia kwa mlango wa saluni, kichwa kimejaa rola, akauliza nani ameolewa. Mutiso aliwaacha washangilie. Alifuta geti lote kwa mkono wa ovaroli, akawageuzia mgongo, akaandika mlinganyo upya bila kuuliza mtu. Akafuta. Akaandika tena. Mara ya tatu chaki haikusimama hata mara moja njiani, na ndipo alipokaa, akakumbuka kahawa yake, akainywa ikiwa baridi.

Ndipo alipofika mwanamke ambaye hawakumjua, ameshika bawaba iliyovunjika. Alisema anaitwa Virginia, ametoka mtaa wa Woodley, na ameelekezwa hapa.

— Fundi ni nani?

— Unataka kusema mwalimu, akasema Mheshimiwa. Ni yule.

Virginia akalitazama geti.

— Na hii ni nini mmeandika?

— Ni vile gesi ya kuchomelea hutengenezwa, mama, Mutiso akajibu, na sauti yake ilikuwa tayari ya darasani. Kila kitu kilichoingia kwa tanki kiko upande huu. Kila kitu kilichotoka kiko upande ule. Hakuna kilichopotea.

— Kila kitu?

— Kila kitu.

— Na hii harufu ya kitunguu saumu nimeanza kusikia nikiwa huko chini kwa stage ya matatu, mmeiandika wapi?

Mizani akahesabu herufi upya kwa kidole, moja baada ya nyingine. Namalwa akanusa hewa. Maji hayanuki. Chokaa hainuki, Mheshimiwa aliipaka fensi nzima na hakuna mpangaji aliyelalamika. Na Mutiso alikuwa amesoma kwamba asetilini safi nayo hainuki. Mheshimiwa mwenyewe akauinamia mdomo wa tanki, akanusa, akarudi nyuma akikohoa.

— Kesho nikimaliza kuandika, nitamuuliza msimamizi, akasema Mutiso.

— Usithubutu! Namalwa akaruka. Chukua cheti kwanza!

— Wahenga walisema kuuliza si ujinga, akasema Mheshimiwa, amepata pumzi. Lakini wahenga hawakuwa na mtihani saa tatu.

Mutiso akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. Akaipokea bawaba ya Virginia, akaiweka mezani, kisha akarudi getini na chaki. Pembeni kabisa, mbali na mlinganyo, akaandika: Harufu inatoka wapi?

— Sasa hiyo ni ya nani? akauliza Mizani.

— Ya wanafunzi wangu, akasema Mutiso, akavaa glavu, akaanza kazi.