Pipa la Koki Halina pa Kupumulia

Baridi ya wiki hii haina adabu, na benchi letu la kona limejaa tangu asubuhi. Shangazi muuza kahawa ana birika moja na jiko moja la mkaa, nasi tumelizunguka jiko hilo utadhani tumelizaa. Yupo Kamusi, karani mstaafu ambaye neno "sijui" halijawahi kumtoka. Yupo Giaboksi, dereva wa lori. Na yupo Koki, fundi bomba, ambaye mama yake amekazwa na baridi magotini hata kuinuka kitandani ni kazi. Siku ya tisa sasa Koki anamjengea mtambo wa maji moto wa kupasha chumba, na siku ya tisa anakuja kutueleza sisi badala ya kuumaliza. Leo kaja kifua mbele. Kauwasha.

— Maji ni yaleyale, hayatoki, hayaingii, akasema Koki. Yanapata moto kwenye pipa uani, yanapanda bomba la juu, yanapita chumbani kwa mama, yakipoa yanarudi kwa bomba la chini. Kila tundu nimelichomelea. Hata sisimizi hapiti.

— Na pampu? nikamuuliza.

— Ya nini? Ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka. Yanasukumana yenyewe.

Giaboksi akapiga paja.

— Rejeta ya lori hiyo! Sikiliza, Koki. Yakishazoea njia, wiki moja tu, unazima moto. Yatazunguka kwa mazoea.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Kamusi. Ndiyo maana bomba la kurudi linapita chini ya kitanda. Ila kuni za kila siku ni za nini? Joto likifungiwa litakwenda wapi? Moto mmoja, unauota msimu mzima.

— Acha hizo, mzee! akasema Koki.

— Unabisha? Ngoja.

Kamusi akachomoa leso, akaziba mdomo wa birika lililokuwa jikoni, akaweka jiwe juu ya kifuniko.

— Wewe! Birika langu hilo! Shangazi akapiga kelele.

— Tulia, Shangazi. Hii ni sayansi.

Hapo ndipo tukamwona mama yake Koki anakuja, mablanketi mawili mabegani, mkongojo mkononi, hatua kwa hatua. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Koki, pipa lako linavuma.

— Linavuma vipi, mama?

— Kama mtu aliyenuna.

— Debe tupu haliachi kuvuma, akadakia Kamusi. Liongezwe maji.

Mama hakumtazama.

— Sufuria ukiijaza pomoni, maji yakipata moto yanamwagika hata kabla ya kuchemka. Hayo yako, mwanangu, yakivimba yanakwenda wapi?

Koki akamtazama Giaboksi. Giaboksi akamtazama Kamusi. Kamusi akatazama kikombe chake.

Likajibu birika. Jiwe lile na kifuniko vikaruka barabarani, leso ikafuata, na kahawa yote ikamwagikia nusu ya mkaa.

— Kumbe ndiyo kazi ya kile kichupa pembeni ya rejeta! Giaboksi akajipiga kichwa.

— Umeendesha lori miaka mingapi? Shangazi akauliza.

— Kumi na minane.

Koki alikuwa kasharuka, mbio nyumbani. Mama akamzuia kwa mkongojo.

— Kuni nimezitoa zote, nimezizima. Pipa litanyamaza likipoa.

— Kitangi, mama. Nitaweka kitangi kidogo juu kabisa, yakivimba yapande humo.

— Utaweka.

Akaketi mahali pa Koki, akanyoosha viganja juu ya mkaa uliobaki.

— Siku tisa unanitafutia joto, mwanangu. Kumbe liko hapa, umelikalia.

Tukainamisha vichwa sote. Ilituuma, maana jiko lile tulilikalia pamoja, na hakuna aliyewahi kusema mama yule aitwe.

— Kahawa imekwisha, akasema Shangazi.

Koki akavua koti, akamfunika mama magoti, akaenda kutafuta kitangi. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Hatujawahi kumwona akiondoka mapema hivyo.