Bwana Hodi na Boila la Mashuka

Wasikilizaji wapendwa, katika redio hii nzima hakuna anayezijua kompyuta kunishinda. Jana niliwasha moja kwa mkono wangu, ikavuma vizuri kabisa. Baadaye nikaambiwa nimewasha feni.

Basi. Leo tunamkumbuka fundi wa kompyuta wa kiwanda cha kufulia mashuka. Boila la mvuke lilipasuka, akafa. Nasema tena: boila lilipasuka, fundi akafa. Mama mmoja mpiga pasi hataona tena maisha yake yote.

Wenzake walimwita Bwana Hodi. Ndiye aliyeandika programu ya kusoma mipangilio ya boila: presha kikomo chake wapi, moto uzimike lini. Ukimuuliza inafanyaje kazi, jibu lilikuwa lile lile. "Programu yangu haivamii mashine. Inabisha hodi kwenye kiini cha mfumo. Kiini ndicho kinachoingia ndani, kinaiuliza kadi ya boila, kile kibao kinachotunza mipangilio yake, kinatoka na jibu." Wataalamu huko kubisha hodi wanakuita wito wa mfumo. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini hodi naijua. Nina majirani.

Dada yake anasema alizaliwa hivyo. "Alikuwa anabisha hodi hata kwenye banda la kuku. Tukimcheka anasema, ngojeni, huenda jogoo anavaa."

Siku moja mkewe alimuuliza, huku anamenya vitunguu, "Na kama ndani hakuna mtu?"

"Kiini kinasema hakuna mtu. Hakitungi jibu, mke wangu. Si kama kaka yako."

Sasa sikilizeni. Jioni moja kadi ile ilianza kutoa majibu ya ajabu. Akazima boila, akaichomoa kadi, akaenda nayo nyumbani kuitengeneza. Akaagiza: msiwashe. Bila kadi, hakuna cha kuzima moto presha ikizidi. Asubuhi akakuta boila limeshawashwa kwa mkono, maana mashuka yalikuwa yanasubiriwa. Akaikimbilia vali autoe mvuke. Hakuifikia.

Tangu hapo kiwanda kinasema ni marehemu aliyepandisha kikomo cha presha. Shuleni, binti yake anaitwa mtoto wa muuaji. Hakuna anayekaa naye dawati moja.

Poleni sana, mjane wetu uliye nami hapa studioni, binti yetu, na wewe dada mtu. Pole, mama wa pasi. Nawe unayenisikiliza, ukioneshwa namba kwenye skrini, tulia kwanza ujiulize: aliyeulizwa ni nani?

Meneja wa kiwanda amekuja hapa studioni kutoa rambirambi. Karibu, baba.

"Ahsante, mama. Alikuwa kijana mzuri. Ila ukweli usemwe. Asubuhi ile, kabla hatujawasha, nilifungua programu yake mwenyewe. Kikomo kimepandishwa, nimekiona kwa macho yangu. Boila lenyewe ndilo lililojibu."

"Lilijibu kwa kadi yake ile ile, baba?"

"Ile ile, mama. Lina nyingine?"

Mjane amefungua mkoba. Ameweka mezani kibao cha kijani, kidogo kama kiganja, nyaya zinaning'inia.

"Kadi yenyewe hii hapa, shemeji. Asubuhi ile ilikuwa jikoni kwangu."

Wasikilizaji wapendwa, meneja anaomba maji. Glasi iliyo mbele yake imejaa.