Bethuel Mwakio na Chura wa Voi Kwenye Rafu ya Asia

Ijumaa ya tarehe 28 Septemba 2007, saa kumi jioni, Bwana Bethuel Mwakio atavua koti lake jeupe na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika ghala letu la vielelezo hapa Aston. Ukurasa wa Kiingereza wa ratiba hii umeandikwa na Dokta Raksha, mkuu wa ghala. Huu wa Kiswahili nimeombwa niuandike mimi ninayesafisha, kwa ajili ya watu wa kanisa letu watakaohudhuria, ambao kwa miaka yote hii wamekuwa wakidhani anafanya kazi hospitali.

Bwana Bethuel alizaliwa Voi, Kenya, mwaka 1942. Alifika Birmingham 1971, akatumikia kiwanda cha vipuri vya magari miaka mitano, mpaka Mei 1976 alipoajiriwa ghalani kuosha chupa. Chupa ziko elfu sita, na ndani ya kila moja kuna mnyama aliyekufa, ametulia kwenye spiriti. Mia nane ni za vyura. Wakenya wanamwita Mzee. Sisi Wakongo tunamwita Papa Bethuel. Vyura hawamwiti chochote, ila yeye huwaamkia kila asubuhi akiwasha taa.

Anaowapenda zaidi ni vyura wa miti wa Asia, wale wa kuanzia India hadi Japani. Ukitaka kumwuliza habari zao, weka ndoo chini kwanza, maana hatamaliza upesi. Ncha za vidole vyao ni bapa na za duara, ndizo zinazonata kwenye majani. Binti yangu Mireille, mwenye miaka minne, alipowaona alisema kwa Kiingereza chake kwamba wote wamefungwa plasta vidoleni. Papa alimjibu kwa uzito kwamba uchunguzi wake ni sahihi. Wengine wana utando mpana katikati ya vidole, wakiruka kutoka mti mrefu wanaelea hewani kabla ya kutua. Wengi hutaga mayai ndani ya povu jeupe, wakalitundika juu ya maji.

"Lakini hayo yote ni mavazi, Gisèle," aliniambia. "Kwa mavazi mtu anaweza kufanana na jirani. Ukoo uko kwenye mfupa."

Sasa nieleze kosa lake, kwa sababu kazini kila mtu analijua na si vizuri nyinyi mkalisikia mlangoni.

Mwaka 1981 ililetwa chupa yenye vyura watatu wadogo kutoka Voi. Wakati huo Papa alikuwa amepanda cheo, ndiyo kwanza ameruhusiwa kuandika lebo, na rafu zilipangwa kwa mabara. Aliwatazama vidole. Akakumbuka mapovu yaliyokuwa yakining'inia kwenye matawi juu ya bwawa la kwao. Akaandika lebo, akawaweka rafu ya Asia. Mkuu wa siku hizo, ambaye utaalamu wake ulikuwa vipepeo, aliandika barua kwamba mfanyakazi huyu hajui Kenya iko bara gani. Chupa ikahamishiwa Afrika, ikapewa lebo nyingine inayosema ni vyura wa matete, ukoo mwingine wa Afrika. Barua ikaingia kwenye faili, na Papa akakatazwa kuandika lebo.

Nilimwuliza kama hakujitetea.

"Nilijitetea," alisema. "Nikapewa ramani."

Ramani ipo hadi leo, ukutani, juu ya birika la chai.

Miaka ishirini na mitano Papa alibeba, aliosha na kuongeza spiriti. Lebo ziliandikwa na wengine, na baadhi yao walipita kwanza kwake kumwuliza waandike nini. Tarsem, mlinzi wa mlangoni anayemwita bhai, yaani ndugu, hakumwacha apite bure hata asubuhi moja.

"Bethuel bhai, yule chura wako ameshapata viza ya Asia?"

"Bado wanashughulikia," Papa alijibu, akasaini daftari, akapita.

Mwaka jana wataalamu walichapisha mpango mpya wa majina ya vyura wa dunia nzima. Humo vyura kadhaa wadogo wa Asia wakaingizwa kwenye jina lililokuwa la vyura wa Afrika wanaotaga kwenye povu. Tarsem akauliza sasa ni nani anayehitaji viza. Dokta Raksha akaamua rafu zote zipangwe kwa ukoo, si kwa bara. Hapo Papa akapeleka ombi lake la kwanza tangu 1981: arudishiwe kalamu kabla ya kustaafu.

Dokta Raksha hakukataa. Alisema kwamba vyura wa povu wa Afrika ni wa ukoo ule wa Asia, hilo vitabu vimekubali zamani. Swali ni kama hawa wa kwenye chupa ndio wenyewe. Spiriti ilikuwa imewafuta rangi, na walikuwa wamekunjamana kama soksi. "Nionyeshe mfupa," alisema, "nami nitaandika barua."

Kuna dawa inayofanya nyama iwe angavu kama kioo, mifupa ikawa myekundu na gegedu, yaani mfupa laini, likawa la buluu. Huchukua wiki nyingi. Chura wa kwanza alikaa kwenye dawa kupita kiasi, na mwezi wa pili alikuwa supu. Wa pili alikataa rangi ya buluu. Dokta Raksha akasema wa tatu haguswi, ndiye wa mwisho. Papa akaomba mkono mmoja tu.

Jumamosi moja mkewe, Mama Kwamboka, nesi mnayemfahamu wa Bordesley Green, alipiga simu ghalani. Sauti yake tuliisikia sote.

"Mwakio, chakula kinapoa! Huyo chura amekufa tangu themanini na moja, hana haraka."

"Yeye hana," Papa alisema. "Mimi ninayo."

Alhamisi ya tarehe 19 Julai alituita kwenye lenzi. Kitu kama kile nilikuwa nimekiona mara moja tu, kwenye picha ya skani nilipokuwa na mimba ya Mireille: mkono mzima, vidole vyote, mdogo kuliko ukucha. Katikati ya mifupa miwili ya mwisho ya kila kidole palikuwa na kipande cha buluu. Nikapiga makofi. Papa akanikataza. Alisema vyura wa matete nao wanacho.

"Tazama ncha," alimwambia Dokta Raksha.

Mfupa wa mwisho ulikuwa umegawanyika mbele, kama kijiti cha manati. Wa chura wa matete haugawanyiki hivyo. Pembeni Papa alikuwa ameweka mkono wa chura wa mti kutoka India, na ncha zake ni zile zile. Dokta Raksha alihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine mara nne.

"Ni wa ukoo wao," alisema.

Papa akaomba kiti.

Ofisi ilieleza kwamba barua ya 1981 haiwezi kutolewa, kwa kuwa faili la mfanyakazi huongezwa, halipunguzwi. Kwa hiyo Dokta Raksha aliongeza yake. Sasa faili lina barua mbili, moja inasema hajui, nyingine inasema anajua, na zote zina muhuri.

Jumatatu ya tarehe 30 Julai, mbele yetu sote, Papa Bethuel aliandika lebo ya chupa ya Voi. Lebo zetu zina mstari wa chini wa jina la aliyemtambua mnyama. Tangu lebo yake ya 1981 iondolewe, katika chupa elfu sita jina lake halikuwapo popote. Herufi za mwisho zilipanda juu ya mstari. Dokta Raksha akamsogezea karatasi nyingine safi.

"Acha," Papa alisema. "Wino umekauka."

Papa Bethuel, tunakushukuru kwa kila chupa uliyoibeba bila kuiangusha. Mama Kwamboka, tunamrudisha kwako akiwa mzima, mpe chakula kikiwa cha moto. Mungu awape wote wawili miaka mingi ya afya na mapumziko mema.