Mikono ya Editha wa Mtinko

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Editha Paskali wa Mtinko. Alizikwa mwezi uliopita. Nitasema kwa uchungu, mnivumilie.

Editha alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Mmoja tu. Mvua zilipoanza, majirani walibeba maganda ya alizeti kutoka mashine ya kukamulia mafuta, wakayatandika mazizini. Naye akaenda kuomba mkokoteni kwa Filipo, mdogo wa marehemu mumewe. Filipo akamjibu, "Shemeji, mkokoteni wangu si wa kila mtu." Akarudi zake, akachota mchanga korongoni kwa ndoo. Mchanga ulikuwa ukikauka upesi. Maganda ya wenzake yakalowa, yakaota ukungu.

Kwa Filipo kiwele cha ng'ombe kikavimba. Kikawa kigumu kama jiwe, maziwa yakatoka mabonge. Kisha kwa jirani, na kwa jirani mwingine. Wakapuliza dawa ndani ya chuchu, bomba lilelile kwa ng'ombe wote. Wapi! Ndiyo kwanza ugonjwa ukazidi. Ila ng'ombe wa Editha mzima.

Basi, si mnatujua? Filipo akatangaza mnadani: "Shemeji kafunga maziwa yetu." Tangu hapo hakuna aliyenunua maziwa ya Editha. Watoto wakimwamkia shikamoo, mama zao waliwavuta mkono.

Binti yake, Lucy, anasimulia: "Mama alianza kuitazama mikono yake. Akaniambia, 'Mwanangu, kamua wewe. Huenda kweli nina kitu, sikijui.' Nikampa mjukuu wake, akakataa kumpakata."

Jamani! Tulimfanya mtu mzima aiogope mikono yake mwenyewe.

Presha ikamwangusha jikoni, hakuamka tena. Baada ya mazishi ndipo bwana mifugo akaleta majibu ya maziwa yaliyopimwa. Ni kuvu. Narudia, wasikilizaji: ni kuvu, si mtu. Iliota kwenye maganda yenye unyevu, ikaingia kwenye chuchu, na bomba lile likaisambaza. Dawa waliyopuliza haiui kuvu.

Filipo akaja kuomba msamaha. Lucy akamjibu, "Baba mdogo, mwenye kuusikia umemzika."

Lucy, pole sana mama. Poleni familia yote. Mungu amlaze Editha pema.

Nawe unayenisikiliza, kama kijijini kwako kuna mtu mmemsusa kwa sababu mifugo yenu imeugua na ya kwake ni mizima, nenda kamwamkie. Nenda leo. Kwa Editha tumeshachelewa.