Risala ya Kikundi cha Mashua ya Zahanati Kuhusu Injini Iliyo Chini ya Turubai

Mgeni rasmi mheshimiwa, Bwana Afisa Vifaa, Mganga wetu, wazazi wenzetu mliokaa hapa barazani, na wewe ndugu uliyeegemea turubai, tafadhali sogea kidogo.

KARIBU
Sisi wanachama saba wa kikundi hiki tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tungekuwa na mkono wa tatu, ungekuwa umeshika pindo la hilo turubai. Tumeambiwa chini yake kuna injini yetu, na tumeambiwa tusichungulie mpaka wewe ukate utepe. Tumetii, lakini macho hayana pazia. Wiki iliyopita mzigo huo ulishushwa kwenye lori na wanaume wanne, na mmoja wao hadi leo anashika kiuno. Injini tuliyoomba hubebwa na mtu mmoja. Hapo ndipo tulipoanza kunong'onezana kwamba kuna namna.

TULIKOTOKA
Mashua yetu ni ya tanga, urefu wake futi kumi na nane, na kazi yake ni moja: kuwavusha wagonjwa, hasa kina mama wanaokwenda kujifungua, kutoka zahanati hii hadi hospitali ya ng'ambo, kwa kuwa hapa hakuna chumba cha upasuaji. Upepo ukiwepo, tunavuka kwa saa moja na nusu. Ukikatika tunashika makasia, na makasia hayajui uchungu wa mtu. Mwaka jana shwari ilitukamata katikati ya maji, saa sita mchana, tukiwa na mama mmoja mshona nguo. Tulipiga kasia kwa saa nne nzima. Mama yupo, amekaa mstari wa pili. Mtoto hatukufika naye. Inatuuma mpaka leo, wala hatutaki kuzoea.

MAFANIKIO
Mheshimiwa, injini hatukuiomba kwa kukisia. Tuliichagua.

Fundi aliyeiunda mashua alisema tusianze na nguvu, tuanze na uzito. Tukafunga mfuko mzima wa saruji kwenye ubao wa tezi, huko nyuma injini inakopachikwa. Omo, yaani mbele ya mashua, ikatazama mbinguni, maji yakaingia kwa nyuma bila hodi, na saruji ikaharibika. Tukafunga nusu mfuko, mashua ikatulia. Basi tukajua injini yetu isizidi nusu mfuko wa saruji.

Kisha tukaazima injini ya wachimba mchanga. Ilikuwa nyepesi, ila mguu wake, ile sehemu inayoshuka majini, ulikuwa mfupi. Kila Nahodha alipokwenda omo kushusha tanga, tezi ilinyanyuka, pangaboi likatoka majini likapiga kelele kama mtu aliyefumaniwa, na mashua haikusogea. Tukajua tunataka mguu mrefu.

Kwenye nguvu tuligombana. Nahodha alitaka farasi kumi na tano.

"Mnaogopa nini?" alituuliza.

"Kwani unashindana na nani?" Mkunga akamjibu. "Mgonjwa wangu anataka kufika, hataki kupaa."

Mashua ya tanga ina mwendo wake. Ukiisukuma kupita hapo, unachoma petroli na kuchimba shimo majini. Farasi sita zilitosha, hata Nahodha akakubali baada ya kununa siku mbili. Tukaandika barua: farasi sita, mguu mrefu, uzito usiozidi nusu mfuko wa saruji. Nakala tunayo hapa ndani ya plastiki, ina mihuri miwili.

CHANGAMOTO
Changamoto ya kwanza ni Bwana Afisa Vifaa, ambaye kwa mapenzi tunamwita Njoo Kesho. Tulimuuliza uzito wa injini, akasema, "Msiwe na wasiwasi." Sisi tukiambiwa tusiwe na wasiwasi, ndipo tunapoanza kuwa nao. Tulimuuliza urefu wa mguu, akatuuliza kwani injini ina miguu mingapi. Tukasema basi, yetu imekwenda kwa wenyewe, na hii ni ya mtu aliyeichoka. Nahodha amenusa turubai na anaapa kwamba inanuka petroli ya zamani.

Aya hii tumeiongeza kwa kalamu asubuhi ya leo, baada ya bango la kukukaribisha kukunjuliwa. Kwenye bango kuna picha ya chombo kinachosaidiwa: boti pana ya faiba, nyeupe, ya mfanyabiashara wa mbao, jirani yetu hapo gatini. Picha hiyo tuliituma sisi. Fomu ilitaka picha ya chombo, na tanga letu lina viraka kumi na kimoja, kimoja kikiwa ni shuka la wodini. Tuliona haya. Tukajipanga mbele ya boti ya jirani, tukatabasamu wote saba. Kumbe ofisi iliamini picha kuliko barua, ikadhani farasi sita ni makosa ya kuandika, ikatuongezea nguvu kwa huruma. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tumezunguka wiki nzima kumtafuta mwizi, tumerudi kwetu wenyewe. Bwana Afisa, tunakuomba radhi mbele ya watu. Hiyo petroli ya zamani bado tunaichunguza.

MAOMBI
Kwanza, utepe usikatwe. Ukikatwa, injini itaandikwa imepokelewa, na kilichopokelewa hakirudi. Itakaa stoo, nasi tutaendelea na makasia.

Pili, shuka nasi hadi majini ukae tezini. Bila kukukosea adabu, mwili wako wa heshima unakaribiana na mzigo ulio chini ya turubai. Maji yakiingia utatuelewa kuliko risala. Taulo tumeandaa.

Tatu, tubadilishiwe injini ndani ya wiki mbili, isizidi hapo.

Tulikubaliana sababu ya wiki mbili isiandikwe. Nahodha ameiandika kwenye karatasi hii na kumpa Katibu sasa hivi, akiwa amesimama mbele yako, naye anaisoma kwa mara ya kwanza kama wewe unavyoisikia.

Mheshimiwa, huyu anayekusomea ana mimba ya miezi minane. Uzazi wa kwanza alipasuliwa, na Mkunga amesema safari hii asithubutu kujifungulia hapa. Siku zake zinaangukia wiki ya tatu kuanzia leo. Alitukataza tusikwambie, alisema kikundi hakiombi kwa ajili ya mwanachama. Tumepiga kura nyuma yake, yake tukaihesabu ya kukataa: sita kwa mmoja, ameshindwa. Dada, usinyamaze. Malizia kusoma.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa watu wako, awape afya waliokuleta, na awafikishe wote wanaovuka maji haya.

Ni sisi, Kikundi cha Mashua ya Zahanati, wanachama saba, tunaotarajia kuwa wanane.