Filemoni, Aliyemlaza Nikolao Kichwa Mashariki

Mzee Filemoni Fikirini amechimba makaburi ya kigango chetu tangu mwaka 1968, na utumishi wake umekoma rasmi tarehe 31 Desemba 1999. Sherehe ilikuwa ifanyike siku hiyohiyo, lakini kamati iliogopa kuchinja mbuzi. Yule mhubiri wa kipaza sauti alikuwa ametangaza kwamba dunia inaisha usiku ule, na wanakamati wakaona si busara pilau iachwe jikoni watu wote wakiwa wamenyakuliwa. Basi tumengoja. Leo ni Jumapili ya tarehe 9 Januari, dunia ipo, mbuzi yuko sufuriani, na kazi ya kuandika risala hii nimepewa mimi kwa sababu katekista Edmund anasema mkono unamuuma. Mkono huo tutautazama wakati wa pilau.

Wako vijana wanaosema Filemoni kachagua tarehe ya kustaafu kwa ujanja, ili makaburi yakifunguka yeye asiwe kazini. Sikatai moja kwa moja. Siku ile watu wataamka na malalamiko yao, huyu kabanwa na mzizi, yule kawekwa jirani asiyempenda, na wa kwanza kuitwa ni aliyewalaza.

Alianza kijana, mwembamba kama mpini wa jembe lake, na hajanenepa mpaka leo. Alipokea kazi kwa mjomba wake, akaongezewa na kengele, kwa hiyo ndiye aliyetuamsha kwenda misa na ndiye aliyetulaza tulipokwisha. Katika miaka yote hiyo hajawahi kulewa kaburini. Nje ya kaburi ni habari nyingine, na leo ni sherehe yake, tumwache.

Sifa yake kubwa ni kufufua wagonjwa. Msicheke. Filemoni ana tabia ya kwenda kujulia hali, na akiingia tu macho yake humpima mgonjwa kutoka kichwani hadi miguuni. Hakusudii, ni mazoea ya kazi, kama fundi cherehani anavyotazama mabega ya watu barabarani. Bibi Winfrida alikuwa amekwisha kupakwa mafuta ya wagonjwa na nduguze wa Nanganga wamekwisha kuitwa. Akamwona Filemoni mlangoni, akaketi, akadai uji. Mwaka jana alikuwa anapalilia. Edmund alituambia huo hauitwi ufufuko. Sawa, mwanangu, lakini wewe umefundisha ufufuko miaka mingi na hujaketisha mtu.

Jambo jingine la kumshukuru ni akili ya kupanga watu. Kulikuwa na kina mama wawili waliogombea mpaka wa mikorosho mpaka wakafa, wakafuatana mwezi mmoja. Familia zao zilitaka walale pamoja wapatane. Filemoni akakataa. Alisema, "Hawa wakiamka jirani, parapanda haitasikika." Akawaweka pembe mbili za makaburi, na mpaka sasa hatujasikia kelele.

Sasa nieleze desturi, maana wamo wageni leo. Mkristo kwetu analazwa kichwa magharibi na miguu mashariki. Bwana atakuja kutoka mashariki, na mtu akiketi tu kaburini mwake anamwona, hana haja ya kugeuza shingo. Padre peke yake hulazwa kinyume, kichwa mashariki, ili akiamka awatazame waumini wake aone nani hayupo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tukiwa wadogo, na hivyo ndivyo Filemoni alivyochimba. Hakuwahi kukosea, mpaka alipofika kwa mume wangu, Nikolao.

Zamani jeneza lilikuwa moja, la fundi Silvano. Jeneza la Silvano lina mabega: pana juu, jembamba miguuni, hata kipofu akilipapasa anajua mtu kalala vipi. Kisha biashara ikaruhusiwa, kila kitu kikawa ruksa, na Masasi mjini wakafungua duka la majeneza. Yamevikwa kitambaa cha zambarau kinachong'aa, na yote ni sawasawa mbele na nyuma kama kreti la soda. Nikolao alipofariki, mwaka ule wa mvua kubwa, 1998, mwanangu Walter akaona aibu baba yake azikwe na mbao za kijijini. Akaenda mjini, akarudi na kreti. Silvano alilizunguka mara moja, akasema, "Zuri. Ila halijui kichwa chake." Tukamwona ana wivu.

Msalaba wa kifunikoni ulikuwa umegandishwa tu, ukadondoka barabarani kwa mashimo. Kitambaa nacho kilichanika upande wa kichwa, na Yasinta, mke wa Filemoni, akakishona palepale nyumbani kwangu kwa uzi mweupe. Tukaondoka kwenda makaburini na mvua inapiga. Mtoni watu waliteleza, wakatua jeneza, wengine wakapokea, wakaligeuza kulikwepa tope. Walipofika kaburini wabebaji walikuwa wengine kabisa na hakuna aliyejua. Filemoni alisimama ndani ya shimo, maji magotini, akauliza, "Kichwa kiko wapi?" Mtu mmoja akajibu, "Huku." Padre alikuwa analowa. Likashushwa.

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa uani tunapukuchua mbaazi. Yasinta akaacha kupukuchua. Akasema, "Mama Walter, uzi wangu mweupe niliuona ukishuka upande wa mashariki." Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Akajibu, "Padre alikuwa anaomba. Nipige kelele kaburini, mimi mwanamke, nimwumbue mume wangu?" Kina mama wote wakaziinamia mbaazi kana kwamba zina maandishi.

Filemoni aliitwa. Alikuja, akasikia, akakaa chini kwenye maganda. Sitaandika niliyomwambia. Walioyasikia wanayo, na wengine wameyatumia kwa waume zao.

Hapo kila mtu akawa na elimu. Padre alisema Mungu hapotezi watu kwa sababu ya jeneza, nikapumua kidogo. Edmund akasema utaratibu ni utaratibu, na aliyelazwa vibaya ataamka vibaya. Shemeji yangu Jafari, mdogo wake marehemu, yeye ni Mwislamu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji," akasema, "ninyi mna taabu ya kujitakia. Sisi tunamlaza mtu na sanda yake, ubavu, uso kibla, kila mtu anaona kichwa na miguu. Ninyi mnamficha ndani ya sanduku halafu mnaulizana yuko wapi." Na wanywaji wenzake marehemu waliona ni heshima. Walisema Nikolao, ambaye misa aliingia wakati wa matangazo, sasa kalala kama padre.

Mimi sikucheka. Nikolao alikuwa mtu wa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho. Mabibo yakiiva, alihama nyumbani, akirudi ananipa mgongo analala. Lakini alikuwa wangu, na nilimwona akilini ameketi kaburini asubuhi ile, anatazama magharibi, upande wa Lukuledi, wenzake wote wanaondoka nyuma yake. Kumfukua sikutaka, kumwacha nako sikuweza. Nikakaa hivyo, na Filemoni naye akakaa hivyo. Akipita mbele ya nyumba yangu alikuwa anashuka baiskeli.

Mwaka jana, korosho zilipoanza kudondoka, akaja mhubiri. Alitoka mjini na jenereta na kipaza sauti, akasimama sokoni akatuambia mwaka elfu mbili hatutauona. Msipalilie, msiandae mashamba ya muhogo, Bwana yuko njiani. Watu wazima, wenye wajukuu, waliacha majembe. Sadaka alipokea kwa korosho. Niliuliza mbele ya watu, mtu ambaye dunia yake inaisha Ijumaa anafunga magunia ya korosho ya nini, atayauza kwa malaika? Akasema nina pepo wa ubishi. Ninaye, tena wa siku nyingi.

Filemoni hakuuliza chochote kuhusu magunia. Aliuliza moja tu, kwa sauti ndogo: aliyelala kichwa mashariki je? Mhubiri hakumjua Nikolao wala uzi wa Yasinta. Alijibu tu kwa raha zake, kipaza sauti kikilia, "Huyo ataamka amempa Bwana kisogo! Ataona moshi tu!" Nikaona Filemoni anavyokunja kofia yake mkononi. Na mimi, pamoja na ubishi wangu, uji wa siku ile niliwapa kuku.

Siku ya mwisho ya utumishi wake, jua halijapanda, alikuja mlangoni na jembe na sepetu. "Shikamoo, Mama Walter." Nikaitikia. Akasema, "Nipe ruhusa nimgeuze leo. Kesho sijui kama ipo. Sitaki kufa na mtu wako mgongoni." Alikuwa hajalala, macho mekundu kama ya mtu wa tanuri. Nikavaa khanga nikamfuata. Moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali.

Alianza upande wa miguu. Mimi nikasimama palepale, magharibi mwa kaburi, kwenye kipande cha ardhi ambacho hakijachimbwa, nikitazama jua linatoka. Akainua jembe. Nikatazama mbele yangu, kile kilima cha Nikolao, nikafikiri kama ninavyofikiri nikipanda mbegu, hii ikiota itaelekea wapi. Huyu akiketi, anatazama huku. Na mimi nikilazwa hapa nilipo, kichwa magharibi kama kila mtu, nikiketi, ninatazama kule. Miguu yetu inagusana. Mwanamume aliyenipa mgongo miaka yote ile, siku ya parapanda kitu cha kwanza atakachoona ni mimi.

Nikamwambia Filemoni, "Baba Rose, shusha jembe."

Akasema, "Na Bwana je, akija nyuma yake?"

Nikamwambia, "Bwana nitamwona mimi. Nikimwona nitamwambia Nikolao ageuke. Maisha yote ni mimi niliyemwamsha kwenda kanisani, siku ile nitashindwaje? Lakini kwanza nina maneno naye."

Filemoni alikaa chini palepale. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, nami nikamkemea kwa yote mawili. Kisha akakusanya mawe, akaizungushia ile ardhi niliyosimama juu yake ili mtu mwingine asizikwe hapo. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na naiandika hapa kama mafanikio. Usiku ule alipiga kengele ya mwaka mpya kwa nguvu mpaka wafuasi wa mhubiri wakakimbilia nje na mashuka meupe. Ilikuwa kengele tu. Mhubiri aliondoka kabla ya mapambazuko na magunia yake, na waliomsikiliza sasa wanaazima mbegu.

Filemoni, kigango kinakushukuru. Umetuchimbia kwenye jua na kwenye tope, hukutuchagua kwa sadaka, na ulipokosea hukukimbia. Pumzika na Yasinta wako, ule pilau, usiwatazame sana wagonjwa.

Ila kazi moja haijakoma. Kijana anayepokea jembe umwonyeshe yale mawe. Na siku yangu ikifika, hata kama umestaafu, uje usimame ukingoni, uulize kichwa kiko wapi, usikubali jibu la "huku". Nisije nami nikalazwa kama padre, nikaamka nimempa Nikolao mgongo, akapata nafasi ya kuchepuka. Jeneza langu atatengeneza Silvano, lenye mabega. Walter amekwisha kuambiwa.

Kwa hiyo, Baba Rose, tunakutakia maisha mema na marefu, yapite yangu walau kwa siku moja.