Neno Moja Kwenye Kipande cha Boksi

Kijiwe chao, wanywa kahawa wa kila asubuhi, ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha Gundi, fundi viatu, na asubuhi hiyo mikono ya Gundi ilikuwa haishiki kazi. Mkewe, aliyeacha shule akiwa msichana na sasa anasoma darasa la watu wazima, alikuwa na mtihani wa Kiingereza saa nane mchana. Alfajiri alikwama kwenye neno moja la kitabu cha hadithi, akakifunga, akasema haendi. Gundi akalinakili neno hilo kwenye kipande cha boksi, akaja nalo kijiweni: *bear*.

— Hilo ni dubu, akasema Kinyozi, bila hata kuweka kikombe chini.

— Hadithi ni ya mjini. Dubu kaingilia wapi? Gundi akauliza.

— Pia ni kubeba, akasema Dereva. Nimesafirisha mizigo ya Wazungu miaka kumi, nalijua.

— Na kuzaa, akadakia Profesa, ambaye uprofesa wake ulianza na kuishia kwenye miwani. Ukiunganisha, ni dubu mjamzito kabeba mzigo. Mtihani umekwisha huo.

Gundi akaandika yote. Mkewe akiacha safari hii, hatarudi tena. Alimjua.

Mara mkewe akatokea, kitabu kwapani, kuja kumwambia asijisumbue. Akasoma kile kipande, akawatazama mmoja mmoja.

— Kwenye hadithi, aliyelisema neno hili ni nani?

Kinyozi akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Hamjui? Basi sikilizeni.

Akafungua kitabu, akawasomea palepale, akitafsiri mstari kwa mstari. Mama kafiwa na mwanawe. Kila akipita chumba cha mtoto anageuza uso. Jirani anamuuliza mbona anahama nyumba nzuri vile, naye anajibu kwa neno lilelile: *I can't bear this house*.

— Sasa nani kabeba… akaanza Dereva, akakoma mwenyewe.

— Hawezi kuistahimili nyumba, akasema mke wa Gundi taratibu, maana ikimjia palepale. Inamshinda moyo.

Profesa akavua miwani. Gundi akamtazama mkewe kama ndiyo kwanza anamwona, na fahari ikamjaa hadi akasahau kuficha kile kipande cha boksi.

— Shemeji, akasema Kinyozi, huo mtihani unaouogopa utakuuliza nini zaidi ya hapo?

Akachomoa kalamu iliyokuwa sikioni mwa mumewe, akashika njia ya kwenda kwenye mtihani.